Shangingi la korosho na rimu za inchi 22

Nangurukuru, pale mabasi yanaposimama abiria wale, kuna mama anakaanga samaki pembeni kidogo ya vile vibanda vikubwa, na kitu kinachokinga upepo usimharibie jiko ni kipande cha bampa. Sio bampa la Fuso. Ni ule mdomo wa chini kabisa wa mbele, mweusi, mwembamba, umechongwa kama wa bata, wa kwenye Range Rover. Nikamuuliza mama hii umeitoa wapi, akasema gari ilitokea upande wa Somanga ikasimama hapo, mwenyewe akashuka akazunguka mbele akaangalia, akakivuta kile kilichokuwa kinaning'inia kikatoka chote mkononi, akakiacha pale, akanunua samaki wawili akaondoka. "Kinafaa mwanangu, ila nikikisogeza sana kwenye moto kinanuka."

Nilicheka, ila mpaka nafika Lindi nilikuwa bado nalifikiria lile bampa, maana ndo picha nzima ya biashara ya kuvalisha magari makubwa huku kwetu. Mtu kanunua gari iliyotengenezwa ipande milima na kuvuka mito, halafu kalipa hela nyingine juu yake ili ishindwe kupita daivasheni, yaani mchepuko, ya Somanga. Mi sina kijicho na gari ya mtu, gari iliyopendeza naipenda, nimeshawahi kusimama Shangani ya Mtwara mchana kweupe naikodolea macho Vogue, yaani Range Rover, ya watu mpaka mwenyewe akaniuliza nikusaidie nini kaka. Ninachobishia ni mpangilio tu. Tunaanzia mwisho, tunafunga mapambo kwenye gari ambayo hatujakaa tukajiuliza inakosa nini.

Kwanza tuelewane magari haya yanatoka wapi, kwa maana ya hela. Ukitaka kujua korosho imeuzwaje mwaka huu huna haja ya kwenda mnadani, simama tu Mtwara mjini mwezi wa kumi na moja uhesabu magari mageni. Minada inaanza Oktoba, vyama vya ushirika TANECU na MAMCU na wenzao wa Lindi wanauza mzigo wa ghalani, hela inaingia kwenye akaunti, na wiki hiyo hiyo madalali wa Dar simu zao hazipoi. Ule msimu wa 2018 serikali ilivyoamua kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa, hakuna aliyekuwa anaongelea rimu. Msimu wa 2024 bei ya mnadani ilivyovuka 4,000, fundi wangu wa pikipiki alihamia kwenye kufunga taa za magari na mpaka leo hajarudi.

Na gari ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni V8, Land Cruiser mia mbili, kwa sababu miaka yote shangingi ndo gari ya mkubwa, ndo inayokuja na vumbi kijijini watu wanasimama. Neno lenyewe kabla halijawa gari lilikuwa la mwanamke wa mjini anayejipamba na kujionyesha, kwa hiyo tusijifanye tunashangaa shangingi kuvaa.

Mjomba wangu wa Tandahimba alinunua la kwake baada ya msimu mzuri. Mia mbili ya 2009, dizeli, namba D, imetunzwa, injini kavu haijawahi kuguswa. Mi nilivyoiona nikamwambia Mjomba hapa umepata gari, sasa ibadilishie mafuta, ukague bushi na breki, uendeshe. Akaniangalia kama nimemwambia akalale mapema. "Mpwa, hii sura ni ya zamani."

Ndo hapo feslifti inapoingia. Kwa wasiofuatilia, mia mbili ilitoka 2007, ikaguswa kidogo 2012, halafu 2015 ikapewa uso mpya kabisa ule wenye grili pana na boneti lenye bonde katikati. Ukitaka ya 2009 ionekane ya 2016 unabadilisha boneti, fenda zote mbili za mbele, grili, bampa, taa za mbele, nyuma unabadilisha bampa na taa pia. Prado mia hamsini nayo ni hivyo hivyo, ilitoka 2009 ikabadilishwa sura 2013 na 2017, kwa hiyo ile ya mwanzo unaivalisha uso wa mwisho. Bodikiti, yaani hivyo vipande vya kubadilishia sura, zinatoka China na Dubai kwa maboksi, na ukipata zenye vipimo vya kweli na fundi mwenye subira kazi inakuwa nzuri, nimeziona zilizokaa mpaka huwezi kujua.

Shida ni kwamba nyingi hazikai hivyo. Tundu la bampa halikutani na tundu la bodi, fundi anachukua drili anatengeneza tundu jipya, pale alipotoboa rangi imetoka na chuma kiko wazi, na sisi tunakaa baharini. Wanaoishi Shangani na Mikindani wanajua chumvi inavyofanya kazi, geti unalipaka Januari mwezi wa sita linachubuka. Waya za taa mpya hazina soketi ya kuingilia kwa hiyo zinakatwa, zinasokotwa, zinazungushiwa tepu nyeusi, na baada ya mvua mbili tatu taa moja inawaka nyingine inawaza. Halafu grili ya kopi mara nyingi ina vijitundu vya urembo tu, nyuma imezibwa na plastiki, hewa iliyokuwa inaenda kwenye redieta na intakula, ile inayopoza hewa ya turbo, inagonga ukuta inarudi. Hiyo ya hewa naomba uikumbuke, tutaikuta tena mbele.

Na yote hiyo kwa ajili ya kumdanganya nani? Dogo wa stendi ya Mtwara ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli anaangalia uso wa 2016, anashuka macho kwenye namba, anasoma herufi ya kwanza baada ya tarakimu, amemaliza. Kanuni ya kitaa ni namba, D ilisajiliwa kabla ya E, anayesema gari yake ni mpya anaulizwa namba E au? TRA ndo kabisa hawaangalii sura. Ushuru wa bidhaa wanaupiga kwa cc za injini na mwaka wa kutengenezwa, injini ikizidi cc 2,000 ina asilimia 10 yake, gari ya kutembelea ikiwa na zaidi ya miaka 8 mpaka 10 inaongezewa 15 ya uchakavu, ikivuka 10 ni 30. Gari yako imeshalipiwa uzee wake bandarini, we unaificha umri kwa jirani.

Sasa kuna kitu kwenye historia ya haya magari ambacho mi kinanifurahisha sana na watu wengi hawakijui. Range Rover ilivyotoka 1970 haikuwa gari ya kifahari. Ilikuwa na milango miwili tu, viti vya plastiki, ndani unaweza kuosha kwa mpira wa maji, gari ya mwenye shamba. Injini ilikuwa V8 ya lita 3.5 ambayo Rover waliinunua mchoro wake Marekani kutoka kwa Buick. Nzuri porini ila kwenye lami haina haraka, na abiria wa nyuma anaingia kama anaruka dirisha. Wenye hela wakaipenda, wakaanza kulalamika, na waliowajibu wa kwanza hawakuwa kiwanda, walikuwa mafundi wa nje. Overfinch ya Uingereza iliyoanza 1975 ikachomoa ile injini ikaweka V8 kubwa ya Chevrolet, na wakashughulika na sasipensheni na breki maana huwezi kumpa mtu nguvu halafu usimpe namna ya kusimama. Uswisi Monteverdi wakaikata bodi wakatengeneza ya milango minne, mwaka uliofuata, 1981, kiwanda chenyewe kikatoa ya milango minne.

Na hili jina tunaloliita kila siku, "jamaa kashusha Vogue", linatokea hapo hapo. Kulikuwa na mafundi wa London wanaitwa Wood & Pickett, kazi yao kupamba magari ya matajiri, gari yao ikatumika kwenye picha za jarida la mitindo la Vogue, na Land Rover wakatoa toleo maalumu la 1981 wakaliita In Vogue. Yaani jina la gari linalotajwa kwa heshima kuliko yote Mtwara lilizaliwa kwenye gereji ya kuvalisha magari. Kwa hiyo mtu asinisomee hapa akasema mi nadharau kazi ya kuvalisha. Kazi ile ndo iliyoifanya Range iwe Range.

Lakini angalia walianzia wapi. Gari haina milango, wakaweka milango. Haina nguvu, wakaweka nguvu. Ilikuwa ngumu ndani kama trekta, wakaweka ngozi na mbao. Kila walichoongeza kilikuwa kinajaza pengo. Baada ya hapo ndo viwanda vikajifunza vikaanza kujaza mapengo vyenyewe, Range ya leo inatoka kiwandani ina kila kitu, na kampuni kama Mansory ya Ujerumani wamebaki na kazi ya kuongeza kile ambacho hakikosekani, kaboni faiba kwenye boneti, rangi mbili, mikunjo minne ya ziada kwenye bampa. Wateja wao wako Dubai na Monaco ambako barabara ni kama meza, na wanachonunua ni kutofanana na tajiri mwingine aliyepaki pembeni. Kwao inaeleweka kabisa. Sisi tumeipokea hii kazi ikiwa hapo, mwishoni, kwenye mikunjo ya bampa, kana kwamba mapengo yameisha.

Kwetu hayajaisha, yamebadilika tu. Gari inayokaa Mtwara ina mapengo yake ambayo mhandisi wa Solihull kwa Range Rover au wa Toyota City hakukaa kuyafikiria moja moja. Kuna chumvi. Kuna zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar kwenye spea, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita barabara ikakatika maeneo ya Somanga, kwa siku kadhaa hata hiyo Dar ilikuwa haifikiki kwa gari. Kuna barabara ya kwenda Newala ambayo lami ilikuwa inaishia Mnivata, ukitoka hapo ni vumbi na mahandaki, na wakandarasi walivyoingia ikawa vumbi na michepuko. Kuna mchanga wa Msimbati. Kuna fundi ambaye ni hodari wa mikono ila mashine ya kusomea kompyuta ya gari anaazima. Ukianza kuvalisha gari kwa kujibu hayo, utatoka na gari tofauti sana na ile ya kwenye picha za Instagram.

Chukua rimu, maana rimu ndo ugonjwa mkubwa. Mia mbili ya Mjomba ilikuja na tairi 285/60R18. Ile 60 maana yake ukuta wa tairi, kutoka kwenye rimu mpaka chini, ni asilimia 60 ya upana wa milimita 285, kwa hiyo milimita 171. Huo ukuta ndo mto wako. Handaki likija, mpira unajikunja, unameza, rimu haijui kilichotokea. Mjomba akafungiwa inchi 22 zinazong'aa, tairi 285/45R22, piga hesabu mwenyewe, ukuta umebaki milimita 128. Zimepotea 43, vidole viwili na nusu vya mpira, kwenye kila kona ya gari yenye zaidi ya tani mbili na nusu inayoenda Tandahimba na kurudi. Kipenyo kizima kimekua kutoka milimita 799 mpaka 815, yaani asilimia mbili, kwa hiyo dashibodi ikisema 50 we unaenda 51, na wote tunawajua jamaa wa tochi wanaokaa chini ya mwembe pale kibao cha 50 kinapoanzia, faini yao ya elfu thelathini haina mjadala.

Uzito nao. Siku moja tulikuwa ghalani tumekaa hatuna kazi, nikamshawishi Mjomba tuzipime kwenye mizani ya korosho, tairi ya zamani na rimu yake ikasoma kilo 32, ya inchi 22 kilo 39. Saba ni kidogo? Saba mara nne ni 28, na hizi sio kilo zilizokaa kwenye buti zimetulia, hizi zinazunguka na kurushwa juu chini kila jiwe, shokapu ndo inazishika, bushi ndo zinazibeba, breki ndo inazisimamisha. Land Rover wenyewe 2012 walitoa Range ya bodi ya aluminiamu wakajisifu wamepunguza kilo mpaka 420 ukilinganisha na ya nyuma yake, wahandisi wale wamekesha kutoa gramu moja moja halafu sisi tunazirudisha kwa kromu.

Halafu nenda nayo Msimbati. Wanaokwenda kule wanajua, ukifika kwenye mchanga mlaini unashuka unapunguza upepo mpaka kama 18 hivi, tairi inatanuka inakuwa pana kama mguu wa ngamia, unapita. Tairi ya ukuta mfupi haina cha kutanua, ukiitoa upepo rimu inakaribia chini na mpira unaweza kuchomoka. Nimewakuta watu na gari ya thamani ya nyumba, imezama mpaka kwenye ngazi, inavutwa na Hilux ya mzee wa samaki ambayo ina tairi kuukuu za inchi 16, na yule mzee hata hakushuka kwenye gari.

Mi mwenyewe sijasalimika. Nina Harrier, tako la nyani, na kuna wakati nilitaka matairi yake yatoke nje kidogo ya fenda yajae, nikaenda gereji moja nikafungiwa spesa za milimita 20. Ilipendeza wiki tatu. Karibu na Mingoyo nikaanza kusikia ngo ngo ngo upande wa nyuma, nikadhani jiwe, nikashuka nikakuta nati mbili hazipo na ya tatu inazunguka kwa kidole. Aliyefunga hakurudia kukaza baada ya gari kutembea, na spesa zenyewe hazikukaa sawasawa kwenye habu. Nilirudi taratibu kilomita ishirini kwa saa na taa za hazadi, nikipitwa na bajaji.

Upande wa nguvu ndo kuna mambo. Siku hizi kuna vijana wanashuka kutoka Dar na laptopu, wanachomeka waya chini ya usukani, dakika arobaini wamemaliza, gari "imerimapiwa". Sio uongo, inafanya kazi. Kontroboksi, kompyuta ya injini, ndo inayoamua dizeli kiasi gani iingie na turbo isukume kwa presha gani, na kiwanda kinaacha akiba hapo katikati kwa makusudi, kwa sababu gari hiyo hiyo inaweza kuuzwa kwenye baridi ya Ulaya na kwenye joto la jangwani, kwenye dizeli safi na dizeli ya pipa. Kurimapu ni kuitumia ile akiba. Dizeli ya mia mbili, ile 1VD ya cc 4,461 yenye turbo mbili, inatoka na kama niutonimita 650 tayari, hiyo inavuta nyumba, kijana wa laptopu anakuongezea ukanyage ujisikie ndege.

Sasa we jiulize ile akiba aliyeihitaji ni nani kama sio sisi. Joto la Mtwara mwezi wa kumi na mbili, unyevu, kupanda uwanda wa Makonde na mzigo nyuma. Dizeli yetu kwa miaka kiwango cha Afrika Mashariki kimekuwa salfa isiyozidi 50 kwa milioni wakati gari za Ulaya za Euro 5 na 6 zimetengenezwa kwa dizeli ya 10. Halafu ndo ile grili ya kopi niliyokwambia uikumbuke, iliyoziba hewa ya redieta. Gari moja imeongezewa joto na laptopu na imepunguziwa upepo na bodikiti, na kazi zote mbili zimelipiwa, na mwenye gari anashangaa geji inapanda kabla hajafika Kitangari. Giaboksi nayo ina mafuta yanayopozwa huko huko mbele, nayo haijaulizwa.

Ila hapa niwe mkweli, kuna kazi moja ya hao vijana ambayo nashindwa kuilaani moja kwa moja. Gari za dizeli za Ulaya zina chujio la masizi kwenye eksozi, linahitaji mwendo mrefu wa kasi lipate moto lijisafishe. Mtu wa Mtwara safari zake ni mjini mpaka Mikindani, kilomita kumi, injini haijapata hata joto amefika. Chujio linajaa, gari inapoteza nguvu, taa inawaka, na mpya inaagizwa nje. Anakuja kijana analitoboa, anaizima kwenye programu, gari inapona. Moshi unakuwa mweusi na wanaotembea kwa miguu ndo wanaovuta, mi nisingefanya. Lakini angalau pale kulikuwa na pengo la kweli, na yule kijana alilijibu.

Hivyo hivyo kwenye Vogue na mapira yake ya hewa. Range wana sasipensheni ya hewa tangu 1992, raha ya dunia ikiwa nzima, inapanda na kushuka yenyewe. Watu wa kuvalisha wana mchezo wao, wanabadilisha vile vijiti vya sensa inayopima urefu, kompyuta inadhani gari imekaa juu sana inaishusha, unapata ule mkao wa kulala chini kwenye rimu. Kompyuta imedanganywa, na wewe uko sentimita kadhaa karibu zaidi na mahandaki, ndo bampa linahamia Nangurukuru. Upande wa pili kuna jamaa zetu ambao mapira yao yalipasuka, kompresa ikachoka kwa kupuliza hewa yenye unyevu wa bahari, asubuhi wanaikuta gari imelala tumbo kama ng'ombe aliyegoma, wakatoa yote wakafunga springi za chuma. Wajuaji wanawacheka, eti umeiua Vogue. Mi naona hao ndo wanafunzi wa kweli wa wale mafundi wa London na Uswisi, waliona gari yao kwa hapa ilipo inakosa nini, wakaiwekea. Imepoteza ule ulaini, haipandi wala haishuki, lakini inatembea, na inatengenezeka Masasi.

Taa sitazungumza sana. Kuweka balbu ya LED kwenye taa iliyoundwa kwa balbu ya kawaida ni kumwaga mwanga machoni mwa dereva wa basi anayekuja, basi. Na vimulimuli vya bluu na nyekundu kwenye grili ya gari ya mtu binafsi ni kutafuta polisi kwa tochi, tena ukishapaka tinti nyeusi kioo cha mbele umewarahisishia.

Ukiniuliza mi ningefanyaje na hela ile ya Mjomba, ningenunua tairi nzuri za inchi 18 za barabara mchanganyiko, ambazo hata zikipasuka Mtwara mjini zinapatikana maana magari ya serikali na miradi yanavaa hizo hizo. Ningepaka dawa ya kutu chini ya gari nzima. Ningebadilisha shokapu, ningesafisha redieta na intakula, ningenunua kimashine cha kusomea makosa cha kwangu mwenyewe nikiweke dashibodi. Ikibaki hela ningeipiga rangi vizuri, nyeusi, ile ya kujitazama. Hakuna hata mtu mmoja angesimama Shangani kuiangalia, najua, na hapo ndo mjadala wangu na Mjomba huwa unakwama, kwa sababu yeye anasema, na sijawahi kupata jibu zuri, kwamba mkulima aliyepulizia mikorosho salfa miaka thelathini na kukopwa korosho zake mara ngapi ana haki ya kuangaliwa.

"We unaongea barabara, Mpwa," ananiambia. "Mi naongea watu."

Msimu uliopita alipiga handaki moja kabla ya Mnivata, usiku, mvua, la kushoto mbele. Tairi lilipasuka ukutani na rimu ikapata ufa. Tairi la saizi ile halikuwepo Mtwara, halikuwepo Masasi, likaagizwa Dar likaja kwenye buti la basi siku ya nne, na siku zote hizo shangingi la 2016 lenye namba D lilikaa kwenye jeki mbele ya duka la mtu huku watoto wakilichora vumbini kwa vidole. Tairi lilivyofika hakulifunga. Alinipigia akaniuliza zile za inchi 18 umeziweka wapi, nikamwambia ziko ghalani kwako Mjomba, nyuma ya magunia, hujawahi kuziuza, hukupata mteja.

Uso wa 2016 bado upo, huo hataki hata tuuongelee. Rimu za 22 zimeegemezwa ukutani pale ghalani karibu na mizani, tatu nzima na moja ina ufa, anauza zote nne kwa pamoja na bei hashushi.